Kufuta Kache Bila Kupoteza vya Muhimu: Simu, Kompyuta na Mashine za Steshenari

Matokeo ya kidato cha nne yametangazwa. Jirani yako pale Kihesa anayasoma kwenye simu yake, lakini wewe ukifungua ukurasa huohuo unakuta ya mwaka uliopita. Mtandao upo, bando halijaisha. Au uko steshenari Mwanjelwa unajaza maombi ya mkopo wa chuo, na kila ukibonyeza kitufe cha kutuma, mfumo unakurudisha kwenye ukurasa wa kuingia. Kabla ya kuilaumu tovuti, kagua kifaa ulichoshika. Huenda kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome, kinakuonyesha nakala ya zamani kilichojiwekea, au kinaipelekea tovuti kitambulisho kilichokwisha muda wake.

Ushauri utakaopewa na kila mtu ni "futa kache". Dawa ni sahihi, kipimo ndicho kinachokosewa. Wengi hufuta kila kitu kwa mkupuo mmoja, kisha wanajikuta wametolewa kwenye barua pepe, nywila hawazikumbuki, na WhatsApp inadai namba ya uthibitisho kwa laini iliyobaki nyumbani. Anza na kufuta kidogo kabisa, na ongeza pale tu kidogo kinaposhindwa kazi.

Kilichohifadhiwa ni nini hasa

Ukifungua tovuti mara ya kwanza, kivinjari hupakua nembo, picha, faili za mpangilio na za programu ya ukurasa, kisha huweka nakala kwenye kifaa. Ukirudi kesho, sehemu kubwa haipakuliwi tena. Ni debe la unga jikoni: huendi mashineni kila unapotaka kusonga ugali. Muda wa nakala hiyo kukaa huamuliwa na seva, kompyuta inayohifadhi tovuti. Seva ikituma agizo la max-age=86400, kivinjari kina ruhusa ya kutumia nakala kwa sekunde 86,400, yaani siku nzima, bila kuuliza kama kuna jipya. Tovuti ikibadilishwa saa mbili baadaye, wewe bado una karibu siku nzima ya kutazama ya zamani.

Hiyo ndiyo kache, ambayo menyu za Kiswahili za Android huiita akiba. Jirani yake ni vidakuzi, vijifaili vinavyoikumbusha tovuti kwamba ni wewe uliyeingia jana. Ukivifuta, unatolewa na utaandika nywila upya. Kuna data ya tovuti, ghala kubwa zaidi ambamo tovuti nyingine huweka rasimu za fomu au kurasa za kutumia bila mtandao. Halafu kuna historia, nywila zilizohifadhiwa na taarifa za kujazia fomu. Vyote hivi hupangwa kwenye skrini moja ya kufuta, kila kimoja na kisanduku chake, na ndiyo sababu watu hutia tiki kote. Kufuta kache peke yake hakukutoi popote wala hakugusi nywila.

Kinachokugharimu ni bando. Baada ya kufuta, kila ukurasa unapakuliwa upya tangu mwanzo. Kama kesho unapanda Makete au unashuka Ludewa, ambako njiani mtandao huja na kuondoka, usifute kache leo usiku. Nakala hizo ndizo zitakazokusaidia kurasa zifunguke. Fanya kazi hii ukiwa kwenye Wi-Fi ya chuo au ya ofisi.

Pima kwanza kwa dirisha fiche

Kabla hujafuta chochote, fungua ukurasa unaosumbua kwenye dirisha fiche, kwa Kiingereza Incognito au Private. Chrome na Edge za kompyuta ni Ctrl+Shift+N. Firefox ni Ctrl+Shift+P. Kwenye simu, gusa nukta tatu za Chrome na uchague kichupo kipya fiche. Dirisha hilo huanza bila kache ya zamani na bila vidakuzi vyako, ilimradi hakuna dirisha fiche jingine lililokuwa wazi, kwa kuwa yote yaliyo wazi hushirikiana. Funga yote kwanza.

Ukurasa ukifunguka vizuri humo, tatizo ni kache au vidakuzi vya kwenye dirisha la kawaida. Mara chache huwa ni kiendelezi ulichoongeza, mfano kile cha kuzuia matangazo, kwa sababu viendelezi havifanyi kazi kwenye dirisha fiche mpaka uviruhusu. Ukurasa ukigoma vilevile, usifute kitu. Badilisha laini au tumia mtandao wa simu ya mwenzako uone.

Soma pia ujumbe wa kosa, maana mara nyingi unakuonyesha pa kushika. Makosa ya 502, 503 na 504 ni ya upande wa seva. Siku ambayo nchi nzima inatafuta matokeo, hayo ndiyo hujitokeza, na kufuta kache kunazidisha tatizo kwa sababu simu yako sasa itaiomba seva iliyozidiwa kila picha na kila faili upya. Subiri. Lakini ukiona ERR_TOO_MANY_REDIRECTS, au 400 Bad Request inayotaja Cookie Too Large, mara nyingi hivyo ni vidakuzi vya tovuti hiyo, si kache.

Kosa la 419 Page Expired lina habari yake. Kikao chako, yaani muda ambao tovuti inakutambua kuwa umeingia, kimekwisha huku fomu ikiwa wazi. Mifumo iliyojengwa kwa Laravel, zana ya kutengenezea tovuti, hukata kikao baada ya dakika 120 za ukimya kama msanidi hakubadilisha kipimo hicho. Ukifungua fomu, ukaenda kupiga picha cheti, ukapanga foleni ya kuskani, ukirudi imekufa. Hapo fungua ukurasa upya, ingia tena, jaza. Maelezo marefu yaandike kwanza kwenye programu ya kuandikia, kisha uyanakili na kuyabandika. Kufuta kache hakutakurudishia ulichokwisha andika.

Na kuna kosa ambalo halina uhusiano wowote na kache, ila watu hufuta kila kitu kwa ajili yake: kivinjari kinadai muunganisho si salama, msimbo ukiwa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID. Tazama saa ya kompyuta. Mashine za mezani za zamani, umeme ukikatika na betri ndogo ya ubao mama ikiwa imekufa, hurudi miaka mingi nyuma, na kivinjari huona vyeti vya tovuti zote kama vya wakati usioeleweka. Rekebisha tarehe, chagua ukanda wa saa wa UTC+03:00, ambao kwenye Windows umeandikwa Nairobi, kisha nunua betri ya CR2032. Ni ya duara kama sarafu na haihitaji fundi mkubwa kuibadilisha.

Kompyuta: kuanzia kidogo

Hatua ya kwanza ni kulazimisha ukurasa mmoja upakuliwe upya: Ctrl+F5, au Ctrl+Shift+R. Kwenye laptopu nyingi F5 imechanganywa na kitufe cha sauti au mwanga na hudai ushikilie Fn, kwa hiyo Ctrl+Shift+R ni rahisi zaidi. Kwa Mac, ndani ya Chrome na Firefox ni Command+Shift+R. Mara nyingi kazi huishia hapo. Kubonyeza F5 peke yake si kitu kilekile. Kivinjari kinaweza kuendelea kutumia picha na faili ambazo bado zina ruhusa ya kukaa.

Ikishindikana, futa data ya tovuti hiyo moja tu. Kwenye Chrome bofya alama iliyo kushoto mwa anwani, ingia kwenye vidakuzi na data ya tovuti, fungua usimamizi wa data iliyo kwenye kifaa, na ubofye pipa la taka mbele ya jina la tovuti. Firefox ina kitufe cha namna hiyo ukibofya alama ya kufuli. Utatolewa kwenye tovuti hiyo peke yake. Barua pepe na mengine hayaguswi. Hii ndiyo hatua ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayotibu vile vituko vya kurudishwa mara kumi kwenye ukurasa wa kuingia.

Baada ya hapo ndipo uguse kache nzima. Ctrl+Shift+Delete hufungua skrini ya kufuta kwenye Chrome, Edge na Firefox. Badilisha muda uwe wakati wote, kwa sababu ukiacha "saa iliyopita", ambayo mara nyingi imechaguliwa tayari, nakala nyingi za zamani zitasalia na utadhani kufuta hakufanyi kazi. Ondoa tiki kwenye historia na vidakuzi, bakiza picha na faili zilizoakibishwa. Futa, funga kivinjari kabisa, fungua tena.

Jihadhari na sehemu ya nywila na taarifa za kujazia fomu kwenye skrini hiyohiyo. Ukiwa umeingia kwenye Chrome kwa akaunti ya Google na usawazishaji umewashwa, nywila utakayofuta kwenye laptopu ya ofisini inafutika na kwenye simu yako pia. Kuirudisha si rahisi.

Safari ya Mac inataka menyu ya wasanidi iwashwe kwanza kwenye mipangilio ya juu. Ikishawaka, Option+Command+E humwaga kache bila kugusa vidakuzi.

Vivinjari vya simu

Simu haina Ctrl wala Shift, lakini kuna ujanja wa kulazimisha ukurasa mmoja. Gusa anwani, nenda mwisho wake, ongeza ?a=1 na ufungue. Kivinjari huiona kama anwani mpya isiyo na nakala. Kama anwani tayari ina alama ya kuuliza ndani yake, ongeza &a=1 badala yake. Ujanja huu huleta ukurasa mpya, ila picha zilizomo zinaweza kubaki za zamani.

Kwenye Chrome ya Android, kufuta kache peke yake huenda hivi:

1. Gusa nukta tatu, kisha "Futa data ya kuvinjari". Simu ikiwa kwa Kiingereza, maneno ni Delete browsing data.
2. Usikubali kile kidirisha cha haraka kinachotaja dakika 15 zilizopita. Gusa chaguo zaidi.
3. Weka muda uwe wakati wote.
4. Ondoa tiki zote isipokuwa kwenye picha na faili zilizoakibishwa.
5. Thibitisha, kisha ondoa Chrome kwenye orodha ya programu za hivi karibuni na uifungue upya.

Firefox ya simu na Samsung Internet zina skrini ya aina hiyo ndani ya mipangilio yao; tafuta neno la kufuta data ya kuvinjari, na kanuni ya tiki ni ileile. Tecno, Infinix na itel nyingi huja na kivinjari cha Phoenix, na watu wengi wanakitumia bila kujua kwamba si Chrome. Ukifuta kache ya Chrome wakati kurasa zako zinafunguka Phoenix, hutaona badiliko lolote. Gusa kiungo chochote na uangalie ni kivinjari kipi kinachofunguka.

Opera Mini ina tabia yake. Inapokuwa kwenye hali ya kubana data kwa nguvu, kurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, zikabanwa huko, ndipo zikufikie. Inaokoa bando kweli, lakini kwa fomu za maombi na kurasa za malipo izime hali hiyo au hamia Chrome kwa dakika hizo, kwani fomu nyingi hazipendi kupitia njia hiyo ndefu.

Viungo unavyovifungua ndani ya Facebook ni mtego mwingine. Facebook ina kivinjari chake cha ndani chenye kache na vidakuzi vyake, hivyo kufuta Chrome hakukifikii. Gusa nukta tatu za ukurasa huo na uchague kufungua kwenye kivinjari cha nje. Programu nyingine nyingi zinazoonyesha kurasa za wavuti ndani yake ziko hivyohivyo, kila moja na ghala lake.

iPhone: kuanzia iOS 18, Settings, kisha Apps, kisha Safari, kwenye matoleo ya nyuma Safari iko moja kwa moja ndani ya Settings. Kitufe cha Clear History and Website Data kinafagia historia, vidakuzi na kache kwa pamoja. Ukitaka kubakiza historia, shuka hadi Advanced, ingia Website Data, na uondoe tovuti moja moja au zote.

Programu za simu: vitufe viwili visivyo ndugu

Hapa ndipo watu huumia. Kwenye Android fungua Mipangilio, Programu, chagua programu, kisha "Hifadhi na akiba". Utaona vitufe viwili, karibukaribu. "Futa akiba", kwa Kiingereza Clear cache, huondoa nakala za muda. Programu itazitengeneza tena ikizihitaji, na hupotezi kitu. "Futa hifadhi", kwa Kiingereza Clear storage au Clear data kwenye simu za zamani, huirudisha programu ilivyokuwa siku uliyoipakua. Akaunti, mipangilio, rasimu, vyote kwaheri.

Kwa WhatsApp, kufuta hifadhi ni kupoteza mazungumzo yote ambayo hayajawekwa kwenye nakala rudufu. WhatsApp ya Android hutengeneza nakala rudufu ndani ya simu kila usiku saa nane, kwa hiyo ujumbe wa leo haumo humo mpaka usiku huo upite. Programu za benki na za pesa kwa simu hupoteza usajili wa kifaa, na utaombwa uthibitisho upya, laini ikiwa ndani ya simu. Ramani ulizopakua Google Maps kwa ajili ya safari hufutika. Video za TikTok ulizokuwa bado hujazichapisha zimekaa kwenye simu peke yake, nazo huenda. Nyimbo ulizopakua ndani ya programu ya muziki utazilipia bando upya.

Kwa hiyo "Futa akiba" ni ya kubonyeza bila woga, "Futa hifadhi" ni ya mwisho kabisa, tena baada ya kufanya nakala rudufu.

Je, kufuta akiba kunaongeza nafasi? Kunaongeza kwa muda mfupi. Tangu Android 8 ya mwaka 2017, mfumo wenyewe huipa kila programu mgao wa akiba, na nafasi ikibana huanza kukata zile zilizozidisha mgao wao. Kufuta akiba kila asubuhi, kama baadhi ya watu wanavyofanya, kunakula bando na kuchelewesha programu bila faida ya kudumu. Futa akiba pale programu inapogoma: picha hazifunguki, inajifunga yenyewe, au Play Store imekwama kwenye "inasubiri" ingawa Wi-Fi ipo. Kwa Play Store, anza na kulazimisha isimame, kisha futa akiba, kisha jaribu kupakua tena.

Simu ya GB 32 iliyojaa kwa kawaida haijajaa kache. Imejaa picha na video za makundi. Mfanyabiashara wa parachichi wa Njombe au Rungwe aliye kwenye makundi sita ya bei hupokea picha za makreti, za lori na za stakabadhi kutwa nzima, na zote zinapakuliwa zenyewe. Dawa yake iko ndani ya WhatsApp: Mipangilio, Hifadhi na data, Dhibiti hifadhi. Humo kuna orodha ya vilivyozidi MB 5 na vilivyosambazwa mara nyingi, na chini yake kila kundi na ukubwa wake. Futa kutoka humo. Halafu rudi hatua moja na uzime upakuaji wa picha na video wenyewe unapotumia data ya simu. Usipofanya hili utarudi pale pale baada ya wiki chache. Na ukishafuta kwenye galari, kumbuka kapu lake la taka: Google Photos huvishika vitu siku 30, au 60 kama vilikuwa vimehifadhiwa mtandaoni, na simu nyingine zina kapu lao. Mpaka ulimwage, nafasi inaweza isirudi.

Telegram ni tofauti, na kwa hili inapendeza. Picha na video zake zimekaa kwenye seva zake, hivyo kwenye Data na Hifadhi, Matumizi ya Hifadhi, unaweza kufuta kache yote na ukapakua tena kitu utakachokihitaji. Weka muda wa kujifuta, mfano wiki kwa vituo na makundi, usahau habari hiyo. TikTok ina kipengele cha kuachia nafasi ndani ya mipangilio yake. Futa kache, lakini soma kabla ya kugusa mistari mingine iliyomo hapo, maana rasimu na vitu ulivyopakua si kache.

Kwenye iPhone hakuna kitufe cha kufuta akiba kwa kila programu. Ukiingia General, iPhone Storage, utakuta Offload App na Delete App. Ile ya kwanza huondoa programu na kuacha data yake, kwa hiyo kache iliyovimba kwa kawaida inabaki palepale. Watu huibonyeza wakitegemea nafasi kubwa na kuambulia kidogo. Kwa Instagram na zinazofanana nayo, njia inayofanya kazi ni kufuta programu na kuipakua upya, nywila ikiwa mkononi.

Vipi kuhusu programu za "kusafisha simu" zinazojitangaza kila mahali? Achana nazo. Android ya siku hizi hairuhusu programu ya kawaida kufuta akiba ya nyingine, hivyo nyingi huomba ruhusa ya Ufikivu (Accessibility) ili zikubonyezee vitufe. Ruhusa hiyohiyo inaweza kusoma kilicho kwenye skrini, pamoja na unachoandika kwenye programu ya benki. Files ya Google ni ya bure, haina matangazo, na inakuonyesha faili zilizojirudia na kubwa, inatosha.

Fundi anaweza pia kukuambia aingie kwenye skrini ya urejeshi (recovery) na kufuta sehemu ya kache ya mfumo. Ni hatua halali kwa simu iliyoanza kusuasua mara tu baada ya kusasishwa, na haifuti picha. Ila mstari wa Wipe cache partition unakaa jirani kabisa na Wipe data/factory reset, unachagua kwa vitufe vya sauti, na kosa la mstari mmoja linafuta simu nzima. Fanya nakala rudufu kwanza, hata kama fundi ana haraka. Simu nyingi mpya hazina tena sehemu hiyo, kwa hiyo usishangae ukiikosa.

Faili za muda za Windows, na anwani za zamani

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, bonyeza Enter. Chagua vyote kwa Ctrl+A, futa. Vilivyo kwenye matumizi vitakataa, bonyeza kuruka. Kwa usafi mkubwa zaidi nenda Settings, System, Storage, Temporary files. Soma kila mstari kabla ya kutia tiki, kwa sababu orodha hiyo ina mstari wa Downloads, na huko ndiko watu wengi huweka barua za kazi, stakabadhi za malipo na vyeti walivyoskani. Windows haiwekei tiki yenyewe. Wanaotia tiki kote ndio wanaolia. Folda ya Prefetch iache. Inasaidia programu kufunguka haraka, na kuifuta hakukupi kitu.

Kuna kache moja ambayo haionekani kwenye kivinjari wala kwenye Temp: kumbukumbu ya anwani, ambayo huiambia kompyuta jina la tovuti fulani linaelekea seva ipi. Tovuti ya shule au ya halmashauri ikihamishiwa seva mpya, kompyuta yako inaweza kuendelea kwenda ya zamani kwa saa kadhaa. Fungua Command Prompt, andika ipconfig /flushdns, bonyeza Enter. Kwenye simu, washa hali ya ndegeni kwa sekunde kumi, izime. Kama bado, zima na uwashe ruta.

Kompyuta ya steshenari

Wanafunzi wa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), wa Mkwawa na wa vyuo vingine hufanya maombi mengi kwenye mashine za watu, na hapo kufuta si suala la kasi. Anza kazi kwenye dirisha fiche tangu mwanzo. Ukifunga madirisha yote fiche, vidakuzi na kache vinaondoka navyo. Kivinjari kikiuliza kama kihifadhi nywila, kataa. Kama ulisahau na ukatumia dirisha la kawaida, toka kwenye akaunti kwanza kwa kitufe cha kutoka, ndipo ufute vidakuzi na kache kwa muda wa saa ulizokaa hapo. Usichague wakati wote bila kumwuliza mwenye duka: unaweza kumtoa kwenye mifumo yake ya kazi, na wateja wako foleni.

Dirisha fiche halifuti vilivyopakuliwa. Nakala ya kitambulisho cha NIDA, cheti cha kuzaliwa, fomu yenye sahihi ya mdhamini, vyote vinabaki kwenye Downloads, kwenye Desktop, au kwenye folda ambayo skana huhifadhia. Fungua Downloads, panga kwa tarehe, chagua vyako, bonyeza Shift+Delete ili visipitie Recycle Bin. Kagua na folda ya skana. Mara nyingi ina majina kama Scan0001, na mhudumu anajua iko wapi. Ulichotuma kwa WhatsApp ili kichapishwe kimebaki kwenye simu ya duka, kwa hiyo mwombe akifute mbele yako, au wewe futa kwa wote ukiwa bado ndani ya muda unaoruhusiwa.

Kama uliunganisha WhatsApp yako na kompyuta hiyo kwa kuskani msimbo, usiridhike na kufunga dirisha. Kwenye simu yako fungua mipangilio ya WhatsApp, vifaa vilivyounganishwa, gusa kile kilichounganishwa leo, kisha utoke.